Somo: Kuwatembeza watoto kwenye milima ya Irangi na michoro ya miambani ya Kolo

Kutoka Dodoma mjini hadi kijiji cha Kolo, wilayani Kondoa, ni kama kilomita 180 za lami kwenye barabara kuu ya Babati. Ukifika, miguu haitembei mbali. Kinachoharibu safari nyingi za familia ni jua, maji kidogo, na tamaa ya wazazi kutaka kuona mapango yote kwa siku moja. Eneo zima la michoro ni kilomita za mraba 2,336, liliingia kwenye orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2006, na miamba iliyochorwa inazidi 150. Hakuna familia itakayoimaliza. Chagua sehemu mbili. Mtoto mdogo akichoka baada ya moja, moja inatosha.

Maelezo haya ni kwa familia yenye watoto wa miaka minne hadi kumi na miwili. Vipimo vyote vinamfuata mtoto mdogo kuliko wote, kwa sababu mwendo wake ndio mwendo wa msafara.

Hatua ya 1: Msimu na saa

Dodoma ina msimu mmoja wa mvua, kwa kawaida Desemba hadi Aprili. Miezi mizuri ya kutembea ni Juni hadi Septemba: majani yamekauka, njia inaonekana, nyoka wanaonekana, na makorongo hayana maji. Asubuhi za Juni na Julai ni baridi yenye upepo, basi mvike mtoto sweta atakalolivua saa tatu. Oktoba na Novemba joto ni kali mno kwa watoto.

Anza kupanda saa 1 asubuhi, au saa 2 ukichelewa sana, na uwe umeshuka kabla ya saa 6 mchana. Ndiyo maana kulala Kondoa mjini usiku uliotangulia ni bora kuliko kutoka Dodoma alfajiri: mtoto aliyekaa garini saa tatu huanza mlima akiwa amechoka tayari.

Hatua ya 2: Chagua njia kwa umri

Watoto wa miaka minne hadi sita wapelekwe Pahi. Miamba yake iko karibu na kijiji, mwendo ni mfupi, na michoro myeupe ni mikubwa kiasi kwamba mtoto huiona bila kuonyeshwa. Watoto wa miaka saba na kuendelea wanaweza Mungumi wa Kolo, penye mapango matatu yaliyo jirani kwenye kilima kimoja. Gari hupita njia mbaya ya vumbi na mchanga, kisha mnapanda kwa miguu, na kipande cha mwisho ni mwinuko hasa. Fenga, kaskazini ya Kolo, iachie vijana wenye pumzi.

Kwa hesabu ya kawaida, mtoto wa miaka mitano hutembea kilomita mbili hadi tatu za vilima akiwa na mapumziko, na wa miaka tisa hufika tano au sita. Mwendo wenu utakuwa kama kilomita mbili kwa saa. Ukipanga kwa mwendo wako wa barabarani, utajikuta umembeba mtu saa tano juani.

Hatua ya 3: Pitieni ofisi ya mambo ya kale, Kolo

Iko kijijini kando ya barabara kuu, na pana makumbusho madogo. Hapo mnalipia kiingilio, mnachukua risiti, na mnapewa mwongoza wageni. Msiende miambani bila yeye. Njia hazina alama za kutosha, na baadhi ya maeneo bado yanatumika kwa matambiko, hivyo yeye ndiye anayejua leo panafikika au hapafikiki. Mwambie mapema umri wa watoto. Mwongozaji aliyezoea watafiti atawapeleka kwa mwendo wa watafiti asipoambiwa.

Watoto wafundishwe kabla: kila mzee mnayekutana naye njiani anaamkiwa. Shikamoo moja iliyotoka vizuri hufungua simulizi ambazo kiingilio hakizinunui.

Hatua ya 4: Mzigo

Maji lita 3 kwa mtu mzima na lita 1 na nusu kwa kila mtoto, kwa nusu siku. Yagawanye kwenye chupa ndogo ili mtoto abebe yake. Chakula kiwe kile kisichochacha: viazi vitamu vya kuchemsha, chapati, karanga, ndizi mbivu, na zabibu ikiwa msimu wake. Soda huongeza kiu, ziacheni garini.

Viatu ni raba zenye meno, zilizokwisha kuzoeleka mguuni. Kandambili hukatika kamba au huteleza kwenye changarawe, na changarawe laini juu ya jiwe kavu ndiyo huangusha watoto wengi. Kofia yenye ukingo, suruali ndefu kwa ajili ya miiba na upupu, kanga mbili (kivuli, mkeka, mbeleko, bendeji), filimbi moja kwa kila mtoto, na kibano cha kutolea miiba. Beba pia sukari na chumvi: vijiko vidogo sita vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi kwenye lita moja ya maji safi, kwa mtoto atakayetapika au kuharisha.

Hatua ya 5: Kupanda

Mwongozaji mbele, mtoto mdogo nyuma yake, mtu mzima mwingine awe wa mwisho, asiache yeyote nyuma yake. Simameni kila dakika 20, mketi kivulini dakika tano, kila mtu anywe mafunda machache hata kama hana kiu. Mtoto anayeacha kuongea ghafla ana joto au njaa. Simama hapo hapo.

Mkono hauingizwi kwenye mwanya wa jiwe usiouona ndani. Pimbi wanaishi humo, na nyoka huwafuata pimbi. Mnyaa usivunjwe: utomvu wake mweupe ukiingia jichoni huunguza, na tiba ya kwanza ni kuosha kwa maji mengi mfululizo, kisha hospitali.

Mtavuka makorongo yenye mchanga. Yaelezeni kwa watoto, maana ni historia nayo. Ardhi ya Kondoa ilimomonyoka vibaya kiasi kwamba mwaka 1973 ulianzishwa mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma, HADO, na mwaka 1979 mifugo ikaondolewa kwenye eneo lililoharibika zaidi. Vichaka mnavyoviona kwenye miteremko vina deni kwa uamuzi huo, uliowagharimu sana wafugaji wa wakati ule. Wingu likiwa zito upande wa juu, korongo halivukwi hata kama ni kavu. Maji hushuka kwa kishindo kutoka mvua ambayo ninyi hamkuiona.

Hatua ya 6: Kutazama

Hapa ndipo pa kutumia muda. Miamba hii ilipasuka kwa mipasuko ya Bonde la Ufa ikabaki imeinama kama paa la baraza, na chini ya paa hilo watu wamechora kwa miaka isiyopungua elfu mbili. Ukifika kutoka juani huoni kitu. Kaeni chini dakika tano, macho yazoee, ndipo wekundu uanze kujitokeza kwenye jiwe.

Anza na wanyama, kwa sababu watoto huwatambua: twiga, tembo, pofu. Kisha watu: wembamba, warefu, wengine wenye vichwa vikubwa vya nywele au mapambo. Hiyo ni michoro myekundu, iliyochorwa kwa udongo mwekundu na jamii za wawindaji. Wengi huihusisha na mababu wa Wasandawe, ambao bado wanaishi wilaya jirani ya Chemba. Michoro myeupe, minene, mara nyingi iliyopakwa kwa kidole, ni ya wakulima waliokuja baadaye. Mwulize mtoto: kipi kilichorwa kwanza? Akitafuta mahali ambapo weupe umepita juu ya wekundu, atajibu mwenyewe.

Kuna mchoro maarufu wa Kolo wenye watu watano, wa katikati ameshikwa mikono pande zote mbili. Mary Leakey, mtafiti wa mambo ya kale aliyenakili michoro ya hapa mwaka 1951, aliona mtu anatekwa. Watafiti wengine wanaona ngoma ya uponyaji, mtu aliyepandwa na nguvu anashikiliwa na wenzake asianguke. Msiwaambie watoto jibu. Waacheni wabishane.

Masharti hayana mjadala: hakuna kugusa, hakuna kuegemea, hakuna mwanga wa kamera, hakuna vumbi la kukimbizana chini ya mwamba. Atakayependekeza kumwagia mchoro maji "ili ung'ae" akataliwe. Maji huyeyusha chumvi za ndani ya jiwe, yakikauka chumvi hubaki juu kama utando mweupe, na rangi hubanduka nayo.

Hatua ya 7: Simulizi

Mungumi ni mahali patakatifu kwa Warangi wengi, wenyeji wa Kondoa. Huko huombwa mvua na uponyaji, na wenye kazi hiyo wapo hadi leo. Simulizi ya mahali hapo isimuliwe na mwongozaji au mzee, hapo hapo, mzazi asiibuni.

Nyingine ni ya mali ya Mjerumani. Kondoa ilikuwa na boma la Wajerumani. Aprili 1916, katika Vita vya Kwanza vya Dunia, majeshi ya Afrika Kusini chini ya Jenerali van Deventer yaliiteka, na Mei kamanda wa Wajerumani, von Lettow-Vorbeck, akajaribu kuirudisha bila mafanikio. Tangu hapo watu husimulia kwamba Wajerumani walificha rupia na dhahabu mapangoni. Ni hadithi tamu usiku, ila imeleta wachimbaji haramu, na mashimo yao yameharibu tabaka za udongo zenye zana za mawe na vigae vya vyungu. Waonyesheni watoto shimo lenyewe mkilikuta. Wataelewa kuliko hotuba.

Hatua ya 8: Kushuka

Watoto huanguka wakishuka, kwa kuwa wamechoka na wanataka kukimbia. Mtu mzima atangulie mbele ya mtoto, hatua ziwe fupi, mikono isiwe mifukoni.

Maswali ya wanachama wa kikundi chetu

*Mama wa mapacha, Dodoma: Wanangu wana mwaka mmoja na nusu. Niwaache?*

Pahi inawezekana, mama, ukiwa na mtu mzima wa pili kwa ajili ya pacha wa pili. Wabebwe mgongoni kwa mbeleko, wala si kifuani, maana kifuani hukuzuia kuona unapokanyaga. Mungumi usubiri wakue: kwenye mwinuko wa mwisho unahitaji mikono yote miwili.

*Mwalimu, Babati: Nina wanafunzi 40 wa darasa la tano.*

Mwalimu, gawa makundi ya kumi kumi, kila kundi na watu wazima wawili, na makundi yapishane nusu saa. Chini ya mwamba mmoja wanafunzi 40 hawaoni kitu, na vumbi lao linakwenda moja kwa moja kwenye michoro. Wanaosubiri wachore wanyama kwenye daftari wakiwa kijijini. Wasiliana na ofisi ya Kolo mapema, kwa sababu waongozaji si wengi.

*Baba wa watatu, Singida: Gari langu ni dogo, la chini. Nitafika?*

Kolo kijijini utafika, ni lami. Kuelekea Mungumi utakwama mchangani au utapasua sampo. Kodi gari la juu Kondoa mjini, lenye kuvuta magurudumu yote manne. Bodaboda ya mtu mmoja ni sawa, ya watoto wawili na mama juu ya mchanga si salama.

*Mwanachama, Kongwa: Imani yangu hainiruhusu mambo ya matambiko. Je, nikifika Mungumi nitalazimishwa chochote?*

La, ndugu. Mgeni anatazama michoro na kuondoka. Mkikuta watu wapo kwenye shughuli zao, mwongozaji atawasimamisha mbali au kuwageuza. Unachodaiwa ni heshima: sauti ya chini, hakuna kupiga picha vitu vilivyoachwa pangoni, hakuna kuviokota.

*Bibi wa wajukuu wanne, Mpwapwa: Magoti yangu ni mabovu.*

Shikamoo bibi. Pahi, na fimbo mbili badala ya moja, hasa wakati wa kurudi. Wajukuu wakienda Mungumi na wazazi wao, wewe baki Kolo kwenye makumbusho.

*Mwanachama, Manyoni: Tumesikia nyuki ni wakali kwenye mapango.*

Hujenga kwenye nyufa za miamba, na mizinga ya wenyeji hutundikwa mitini njiani. Siku hiyo msijipake manukato wala mafuta yenye harufu kali. Mkisikia mvumo juu yenu, rudini kimya kwa njia mliyojia, bila kupunga mikono. Wakishambulia, funikeni vichwa vya watoto kwa kanga, kimbieni moja kwa moja hadi kwenye gari, fungeni vioo. Miiba ya nyuki ikwanguliwe kwa ukucha haraka. Mtoto akivimba mdomo au kupumua kwa shida, ni hospitali Kondoa bila kungoja.

*Huyo huyo: Na nyoka?*

Aliyeumwa alazwe, kiungo kisichezwe, kifungwe ubao kama mfupa uliovunjika, avuliwe pete na viatu, abebwe hadi kwenye gari. Hakuna kuchanja, kunyonya wala kufunga kamba ya kukaza. Swila akitema mate machoni, osheni kwa maji safi dakika 15 au zaidi. Kwa hiyo lita moja ya akiba ibaki kwenye mkoba wa mtu mzima hadi mrudi kwenye gari, isinywewe.