Kuongeza nguvu ya breki kwenye Starlet ya zamani, usianze na diski kubwa

Siku moja nashuka Lushoto kwenda Mombo na Toyota Starlet yangu, toleo la EP82, ndani tupo wanne na buti imejaa viazi na kabichi, kufika katikati ya zile kona nasikia harufu ya kitu kinaungua, nakanyaga breki gari inapungua kidogo tu, nakanyaga tena pedeli inazama laini kama sponji. Nikarudisha gia namba mbili, nikavuta handbreki kidogo kidogo mpaka nikapata sehemu ya kuegesha. Nilikaa pale robo saa nzima mikono inatetemeka, na abiria nyuma hakuna aliyeongea.

Kwa hiyo hili somo nalichukulia kwa uzito sana, na naomba na wewe ulichukulie hivyo.

Wengi wakitaka kuongeza breki wanakimbilia kuulizia diski kubwa za Starlet GT, ile Starlet ya spoti. Subiri kwanza. Gari ya mwaka 90 na kitu, breki ulizonazo siyo zile zilizotoka kiwandani, zimechoka, na ukifunga diski kubwa juu ya mfumo uliochoka umetupa hela. Mimi nilianza na oili ya breki. Ile oili inavuta unyevu wa hewa hata gari ikiwa imepaki, na kadiri maji yanavyoongezeka ndivyo inavyochemka mapema. Oili zina madaraja yanayoandikwa kwenye chupa: DOT 3 mpya inatakiwa ihimili angalau nyuzi joto 205 za Selsiasi bila kuchemka, ikishalewa maji kiwango kinashuka hadi 140, DOT 4 ni 230 na 155. Ikichemka inatoa mvuke, mvuke unabanika, ndo maana pedeli inazama. Yangu ilipotoka ilikuwa nyeusi kama chai ya rangi iliyolala. Weka DOT 4 kutoka kwenye chupa ambayo haijafunguliwa, badilisha kila miaka miwili, na usiguse DOT 5 maana hiyo ni ya silikoni haichanganyiki na hizi nyingine.

Kutoa upepo ulioingia kwenye mfumo tafuta mtu wa kukanyaga pedeli. Anza tairi la mbali na masta silinda, yaani pampu kuu inayosukumwa na pedeli, kwa gari zetu za usukani kulia ni nyuma kushoto, chomeka mpira mwembamba kwenye kale kanati ka kutolea upepo, ncha nyingine izame kwenye chupa yenye oili kidogo, mwenzio akanyage ashikilie, fungua, funga, ndo aachie. Asiachie kabla hujafunga! Na mwambie asikanyage mpaka chini kabisa, weka hata kipande cha ubao chini ya pedeli, kwa sababu masta silinda ya zamani kule mwisho ina kutu na rubba zikipita hapo zinachanika, unamaliza kazi ya oili unaanza kutafuta masta. Kopo la oili juu ya masta lisikauke hata mara moja. Oili ikidondokea rangi ya gari mwagia maji hapohapo.

Mipira ya breki ile ya kwenye matairi ikunje kwa vidole, ukiona nyufa toa zote nne, usibadilishe mmoja.

Kalipa sasa, kile chuma kinachobana pedi kwenye diski. Zile pini zake zinatakiwa ziteleze kwa mkono, zikikwama pedi moja inaisha nyingine bado nzima, zisafishe upake grisi ya breki isiyoyeyuka na joto, siyo ile ya beringi. Ukiitoa kalipa ifunge na waya kwenye springi, usiiache inaning'inia na mpira. Diski ina unene wa mwisho umegongwa kwenye chuma chenyewe, ukishapitwa usiichonge, nunua mpya, zote mbili. Pedi nunua za dukani unapopaamini, kuna za bei chee zinang'aa kama kioo baada ya mlima mmoja tu.

Nyuma kwenye drami, zile breki za mviringo zilizofunikwa, watu wanapasahau kabisa. Funua kirubba cha wili silinda, ile pampu ndogo inayosukuma breki shuu, kukiwa na majimaji inavuja. Vumbi la mle ndani usilipulize kwa kompresa wala mdomo, breki shuu za zamani zinaweza kuwa na asbesto, lowanisha na maji ufute. Ukirudishia kaza ajasta, ile ya kusogeza breki shuu, mpaka tairi likizungushwa shuu ziguse drami kidogo, halafu legeza. Hapo tu pedeli yangu ilipanda juu, sikuamini.

Ukishafika hapo na bado unapanda milima na mzigo, ndo uende kwenye vifaa vya GT. Diski zake za mbele zina matundu katikati ya kupitishia hewa kwa hiyo zinapoa haraka kuliko diski zisizo na matundu. Shaurimoyo pale Ilala kwa wa Dar au Kirinyaga Road kwa wa Nairobi ulizia seti nzima ya gari moja, kalipa na bano lake la kushikilia, na nako (chuma kinachobeba tairi) kama haviingiliani na vya gari yako, ukiweza na masta silinda yake maana kalipa kubwa inataka oili nyingi zaidi. Nenda na rimu yako, rimu ya inchi 13 inaweza kugusa kalipa, GT ilitoka na 14. Kalipa za used zifungue uweke rubba mpya kabla ya kufunga. Na nyuma usikuzwe peke yake, matairi ya nyuma yakibana kabla ya mbele gari inageuka inakotoka.

Nati za rimu kaza Nm 103 kwa spana yenye kipimo cha nguvu. Kisha tafuta barabara tupu ili pedi na diski zizoeane, toka spidi 60 punguza hadi 15 kama mara nane au kumi bila kusimama kabisa, ukiacha nafasi kati ya moja na nyingine, halafu endesha tu zipoe. Zikiwa za moto usipaki mguu ukiwa kwenye breki, pedi inaacha alama kwenye diski na usukani utatetemeka. Kesho yake asubuhi inama na tochi uangalie kila ungio, ukiona unyevu hata kidogo gari haiondoki.