Jinsi ya kuhamisha umiliki wa gari kuukuu la spoti ukiwa Kisumu, Nakuru au magharibi ya Kenya

Kenya hairuhusu kuingiza nchini gari lililozidi miaka 8 tangu lisajiliwe mara ya kwanza. Kanuni hiyo imo katika kiwango cha ubora cha Kenya, KS 1515:2000. Kwa hiyo ukitamani Subaru Impreza WRX ya 1998, Mitsubishi Lancer Evolution, Toyota Celica au MR2, usihangaike na meli za Mombasa. Gari lako lilishaingia zamani. Huenda limefunikwa turubai Milimani, Kisumu, au liko nyuma ya gereji Nakuru, au limeegeshwa kwa marehemu mzee fulani kule Vihiga na kuku wanataga kwenye kiti cha nyuma. Limepitia mikono mingi, na mingi kati ya hiyo imebadilisha kitu. Mimi huwaambia watu wakague makaratasi kabla ya kuruhusu kusikilizishwa turbo, kwa sababu ukishaisikia turbo akili hupungua.

Mwongozo huu unafuata utaratibu wa NTSA, mamlaka ya usafiri na usalama barabarani, kupitia eCitizen, tovuti ya huduma za serikali, ambao ndio unaotumika sasa badala ya TIMS, mfumo wa zamani wa NTSA.

Kabla ya kwenda kuliona gari

Hakikisha una akaunti ya eCitizen yenye namba yako ya kitambulisho na namba ya simu unayoitumia kila siku, pamoja na PIN ya KRA, mamlaka ya ushuru. Muuzaji naye awe navyo vyote hivyo. Muulize mapema, tena kwa swali lililo wazi: gari linaonekana kwenye akaunti yako? Wazee wengi walionunua magari enzi ambazo KRA ndiyo iliyosajili magari wana logibuku (hati ya umiliki wa gari) ya karatasi kabatini, ila hawajawahi kufungua akaunti. Huyo aanzie Huduma Centre au ofisi ya NTSA, akiwa na logibuku halisi na kitambulisho, kabla hamjazungumza bei.

Kisha mwombe namba ya gari ufanye utafutaji wa rekodi. Ingia eCitizen, fungua huduma za NTSA, chagua utafutaji wa rekodi za gari, andika namba, lipa. Ada imekuwa shilingi 550. Utapata jina la mmiliki aliyesajiliwa, namba ya chesisi, namba ya injini, ukubwa wa injini, rangi, mwaka wa kutengenezwa, na kama kuna benki au mkopeshaji anayelidai gari hilo. Jina likiwa la mtu mwingine kabisa, huenda unayezungumza naye ni dalali. Udalali si kosa, lakini mwenye jina ndiye atakayeanzisha uhamisho, hakuna mwingine. Zile fomu za zamani zilizotiwa sahihi na kuachwa bila jina la mnunuzi, ambazo bado kuna watu wanazizungusha, hazitakufikisha popote kwenye mfumo wa sasa.

Linganisha namba, na hapa usiwe na haraka

Chapa matokeo ya utafutaji uende nayo. Beba tochi, kitambaa na brashi ya waya.

Magari ya Japani yaliyotengenezwa kwa soko la kwao yana namba ya chesisi fupi: msimbo wa modeli, kistari, kisha tarakimu. Msimbo huo unasema mengi kuliko muuzaji. Kwenye Impreza za 2000 hadi 2007, GDB ni STI, toleo kali kuliko yote, GDA ni WRX, na GD2 au GD3 ni gari la lita 1.5 la kwenda sokoni. Kwa Lancer Evolution, CP9A ni Evo V na VI, CT9A ni VII hadi IX. Ukiambiwa ni STI halisi kisha chesisi inaanza na GD3, basi unatazama GD3 iliyovalishwa bampa. Huenda ni gari zuri, lakini bei yake si ya STI.

Kwenye Impreza za zamani namba ya chesisi imegongwa kwenye ukuta wa chuma kati ya injini na dereva, chini ya waipa. Isugue. Angalia kama chuma kimekwaruzwa kwa faili, kama kuna alama ya kulehemu kuizunguka, kama tarakimu zimepinda. Ukiona dalili hizo ondoka, na ikiwezekana usirudi kuchukua hata mwavuli uliousahau.

Namba ya injini ndiyo itakayokusumbua zaidi. Injini za Subaru hubadilishwa sana. Ile ya awali ikifa, fundi analeta nyingine iliyotumika kutoka Nairobi, anaifunga, na hakuna anayekumbuka NTSA. Matokeo yake logibuku inasema injini ya cc 1,500 hivi huku chini ya boneti kuna EJ20 ya turbo, ambayo ni cc 1,994. Watu huona ni jambo dogo, hadi kampuni ya bima inapotuma mkaguzi baada ya ajali, au askari anapoamua kufungua boneti.

Injini ikitofautiana na rekodi, muuzaji abadilishe maelezo ya gari kwa jina lake kabla hajakuuzia. Anahitaji risiti au hati ya kununulia injini hiyo, na gari lipelekwe kwenye kituo cha ukaguzi cha NTSA ili namba zithibitishwe. Vituo viko Kisumu, Nakuru, Eldoret na kwingineko, na miadi hupangwa mtandaoni. Rangi nayo hufuata mkondo huohuo: gari lililosajiliwa jeupe ambalo sasa ni la buluu ya mashindano linahitaji kubadilishiwa maelezo. Akikwambia, “Wewe nunua tu, utabadilisha baadaye,” jua risiti ya injini hana. Punguza bei kwa kiasi kitakachokuuma ukikosa kuipata, au achana naye. Mimi ningeachana naye.

Majaribio ya barabarani nitayataja kwa ufupi. Ukiwa Kisumu, lipandishe Riat kwenye barabara ya Kakamega wakati wa jua kali, na macho yako yasitoke kwenye geji ya joto. Ukifika juu, acha injini iendelee kunguruma polepole, utazame tanki dogo la maji ya redieta. Mapovu yasiyokoma yanaelekeza kwenye gasketi ya hedi. Kwa gari lisilo na turbo, ujue Nakuru iko mita 1,850 hivi juu ya usawa wa bahari na Kisumu mita 1,130 hivi. MR2 iliyokufurahisha kando ya ziwa itakosa nguvu kidogo huko juu, kwa kuwa hewa ni nyembamba, bila kuwa na ubovu wowote.

Mkataba na pesa

Andikeni mkataba wa mauzo mbele ya wakili. Uwe na majina kamili, namba za vitambulisho, PIN, namba ya gari, chesisi, injini, bei, na tarehe pamoja na saa ya kukabidhiana. Saa ni muhimu kwa sababu Sheria ya Trafiki, Sura ya 403, humchukulia aliyesajiliwa kuwa ndiye mwenye gari hadi ithibitishwe vinginevyo. Kosa lililofanyika Jumatatu asubuhi lisije likakuandama wewe uliyelichukua jioni, wala la jioni lisimwandame muuzaji.

Usilipe bei yote siku hiyo. Lipa sehemu, na mkataba useme salio litalipwa uhamisho ukikamilika kwenye mfumo. Muuzaji wa kweli hukubali. Wiki ya Safari Rally kule Naivasha wauzaji wa Subaru hupata kiburi kidogo, kwa hiyo kama huna haraka, subiri vumbi litue.

Uhamisho wenyewe

Muuzaji anaingia kwenye akaunti yake, anachagua gari, anaanzisha uhamisho na kuweka maelezo yako, kisha anapakia hati zinazodaiwa. Wewe unaingia kwenye akaunti yako, unalikuta ombi, unasoma kila tarakimu, ndipo unakubali. Ada hupanda kadiri injini inavyokuwa kubwa, kwa hiyo mkubaliane mapema nani anailipa. Malipo ya eCitizen hupitia paybill 222222. Mtu akikupa namba yake ya simu “ili aharakishe,” mshukuru uende zako.

Sheria inasema gari lililouzwa lisitumike barabarani zaidi ya siku 14 kabla ya mmiliki mpya kusajiliwa. Kwa hiyo ombi lianze siku ileile ya mkataba, mkiwa mmekaa meza moja na simu zenu.

Gari la marehemu

Huku magharibi magari mengi mazuri ya zamani yako hivi: mzee alifariki, gari likabaki bomani, na sasa mwanawe mkubwa anataka kuliuza. Mpe pole, kisha muulize kama ana hati ya mahakama ya usimamizi wa mirathi. Bila hiyo hana cha kuuza, hata kama ukoo mzima umekubaliana chini ya mwembe. Sheria ya Urithi, Sura ya 160, inafanya kuwa kosa la jinai kuuza au kushika mali ya marehemu bila mamlaka.

Njia yake huanza na barua ya chifu inayotaja warithi, halafu ombi mahakamani, tangazo katika Gazeti Rasmi la Serikali, na hati ya usimamizi. Uthibitisho wa hati hiyo kwa kawaida huombwa baada ya miezi 6. Gari litahamishiwa msimamizi au mrithi aliyetajwa, ndipo akuuzie. Ni safari ndefu, na njiani betri itakufa na matairi yatapasuka. Kama unalipenda kweli, andikianeni makubaliano ya kukupa nafasi ya kwanza, usitoe pesa, na uwaombe walihifadhi chini ya paa.

Bima, na logibuku ikifika

Bima ya muuzaji usiihesabu kuwa yako. Kata yako kabla ya kuliendesha kwenda nyumbani, angalau ile ya kulinda watu wengine, ambayo Sura ya 405 inailazimisha. Bima kubwa, ile inayolinda na gari lako lenyewe, kwa gari la umri huu ni mjadala: kampuni nyingi hukataa, na zinazokubali hutaka tathmini. Mwambie mtathmini kuhusu turbo, breki na chochote kilichoongezwa, yaandikwe kwenye ripoti.

Fungua faili moja. Weka humo mkataba, matokeo ya utafutaji, risiti ya injini, ripoti ya ukaguzi, na kuanzia sasa kila risiti ya spea. Kama huna ushahidi wa lini mkanda wa taiming ulibadilishwa, ubadilishe pamoja na pampu ya maji kabla ya safari yoyote ndefu, uandike kilomita. Injini hizi za Japani zilitengenezwa kwa petroli yenye okteni 100 hivi, na ya kwetu ya kawaida haifiki huko, kwa hiyo tafuta kituo kinachouza ya okteni ya juu na umkataze fundi kuongeza presha ya turbo.

Logibuku mpya ikitoka, isome hapohapo: jina, chesisi, injini, cc, rangi. Ukiona tarakimu imekosewa, omba irekebishwe siku hiyohiyo, kabla hujaitoa nakala kwa bima au kwa mtu yeyote.