SOMO: Kubadili majina ya picha kwa mkupuo bila kuzipoteza zilizohaririwa

Wakuu, nimechoka kulijibu hili inboksi kila baada ya msimu wa harusi, kwa hiyo nalibandika hapa. Ni Lightroom Classic, programu ya kupanga na kuhariri picha kwenye kompyuta, siyo ile ya simu.

1. Weka nakala ya picha zote kwenye diski nyingine.

2. Fungua folda, zipange kwa muda zilipopigwa, chagua zote.

3. Bonyeza F2 lije dirisha la kubadili majina, tengeneza muundo wa jina: tarehe, tukio, namba. Mfano 20250614_SendoffDunda_001. Mwaka utangulie, mwezi, ndipo siku. Usiache nafasi.

4. Hapa tulia. Picha ikienda Photoshop inarudi faili jingine: IMG_4571.CR3 inazaa IMG_4571-Edit.tif. Ukiyachagua yote mawili na kuyapa namba za mfululizo, la asili linaweza kuwa 045, lililohaririwa 046, na neno Edit limefutika. Bibi harusi akirudi kutaka ile uliyomsafisha uso, utaitafuta kwa macho. Badili majina KABLA ya Photoshop, toleo jipya litarithi jina. Umeshachelewa? Achana na namba za mfululizo. Tanguliza tarehe na tukio mbele ya jina la sasa: 20250614_SendoffDunda_IMG_4571-Edit.tif. Jozi haiachani.

Na USIBADILI majina kwenye folda za Windows! Katalogi, yaani orodha ya picha ambayo Lightroom inaitunza, inalijua jina la zamani tu, itakuwekea alama ya mshangao.

5. Mteja apelekewe za kuchagua baada ya haya yote, la sivyo atakuandikia "nataka 4571" nawe 4571 huna tena.

MASWALI

PichaDunda: Mkuu, nimebadili kule Windows, sasa naona mishangao mitupu. Msaada.

Mwenye somo: Hatua ya 4 uliiruka. Rudisha majina ya zamani kama unayo. Huna, bonyeza kila mshangao uonyeshe faili lilipo. Moja moja.

PichaDunda: Zote 600?

Mwenye somo: Zote.

BiKaole: Nakala pepe nayo nikiibadili jina, ya asili inabaki na lake?

Mwenye somo: Haibaki, dada, na umeuliza la maana. Nakala pepe siyo faili, ni maelekezo ndani ya katalogi, kwa hiyo ukiigusa jina umeligusa la asili. Kwenye paneli ya metadata (taarifa za picha) kuna sehemu ya jina la nakala, andika humo "nyeusi-nyeupe" au upendavyo.

KameraMbili: Tulipiga picha za ngoma TaSUBa, chuo cha sanaa Bagamoyo, tukiwa wawili. Majina yanagongana, na saa za kamera hazilingani.

Mwenye somo: Kamera ikifika 9999 huanza tena 0001, kugongana ni kawaida. Ongeza herufi ya mpigaji kwenye muundo. Saa unaisogeza humo humo Lightroom: chagua picha za kamera moja, hariri muda wa kupiga, zote zisogee kwa kiasi kilekile. Fanya kabla ya F2. Siku nyingine, kila kamera ianze kwa kuipiga picha saa ya simu moja, hapo tofauti utaiona.

BiKaole: Nyongeza: WhatsApp tumeni kama dokumenti. Zikienda kama picha zinabandikwa majina mengine.

Mwenye somo: Kweli kabisa. Na ubora unashuka.