Muhogo kutoka pingili hadi horini: ninavyolima na kulishia mifugo

Mbuzi wangu wa kwanza kufa kwa muhogo alikuwa jike mwekundu mwenye mimba ya miezi mitatu. Asubuhi hiyo nilikuwa nimepunguza vilele vya mihogo shambani, nikayaona yale majani mabichi, laini, nikasema siwezi kuyatupa. Nikayamwaga bandani wakati mbuzi wana njaa ya usiku mzima. Sijamaliza hata kunawa mikono, yule jike akaanza kuhema kama aliyekimbizwa. Akayumba, akaanguka ubavu, povu likamtoka. Nilipomfunua mdomo, fizi zilikuwa nyekundu mno, nyekundu ya kung'aa. Daktari wa mifugo alipofika, nilikuwa nimeshamfunika gunia.

Naanza na habari hiyo kwa sababu watu wengi huniuliza kwanza kuhusu mavuno. Mavuno ya muhogo si kazi ngumu. Kazi yenyewe iko hapo katikati, baada ya kukata na kabla ya kulisha.

Ndani ya muhogo mna kitu kiitwacho linamarini, kwenye majani, kwenye maganda na kwenye kiazi chenyewe. Jani likitafunwa au kukatwakatwa, linamarini hukutana na kimeng'enya (kitu kinachoivunja) cha muhogo huohuo, na hapo ndipo sumu ya sianidi hutoka. Sianidi hiyo ni nyepesi, huchemka kwenye nyuzi joto 26 hivi, kwa hiyo ukiipa nafasi hupaa hewani. Ikitokea tumboni, haina pa kupaa. Mbuzi, kondoo na ng'ombe huumia haraka zaidi, maana vijidudu vya tumbo lao la kwanza navyo huifungua linamarini kwa kasi. Maganda na majani huwa na sumu nyingi kuliko nyama ya kiazi, muhogo mchungu huzidi mtamu, na ukame huongeza hata kwa ule uliozoea kuuona mtamu.

Basi kwangu sheria ni hii: hakuna sehemu ya muhogo inayoingia bandani siku ile ile iliyokatwa.

Tuje shambani. Chagua pingili kutoka shina lililokomaa, la miezi 8 hadi 12, sehemu ya katikati. Kule juu ni laini mno na hukauka kabla ya kuota. Kata urefu wa sentimita 20 hadi 30, zenye macho 5 hadi 7, kwa panga kali lisiloponda ncha. Mimi hupanda kwa kulaza mshazari, theluthi mbili chini ya udongo, macho yakitazama juu. Nafasi ni mita moja kwa mita moja, maana yake mashina 10,000 kwa hekta. Mahali maji yanapotuama nainua matuta, kwani mizizi ya muhogo huoza upesi.

Usichukue pingili kwenye shina lenye majani yaliyojikunja na mabaka ya njano. Hiyo ni batobato, na ukiipanda umejipandia ugonjwa. Ugonjwa wa michirizi kahawia ni mbaya zaidi kwa kuwa shina laweza kuonekana zima huku kiazi kimeoza kwa ndani. Magonjwa yote mawili huenezwa na inzi weupe na pingili zenyewe. Ndiyo maana napita shambani kabla ya kuvuna, nafunga kamba mashina safi, na pingili hukatwa kwenye hayo tu.

Palizi ya miezi mitatu ya kwanza usiikose. Baada ya hapo majani hufunika ardhi na magugu hupungua yenyewe. Kati ya mistari napanda kunde au karanga, na samadi yote ya bandani nairudisha, maana muhogo hunyonya sana potasiamu ya udongo, hasa unapovuna na majani pia.

Majani naanza kuyachuma mwezi wa nne au wa tano, kisha kila baada ya miezi miwili au mitatu, nikiacha vilele vyenye nguvu. Ukichuma kila wiki utapata majani mengi na viazi kama vidole. Amua mapema unataka nini. Mimi nina kipande kidogo kilichopandwa kwa kubanana, cha majani tu, na shamba kubwa nimeliachia viazi.

Hazina ya majani ni protini. Yakikaushwa hubeba karibu asilimia 20 hadi 25 ya protini ghafi, wakati kiazi kikavu hakina zaidi ya asilimia 2 au 3. Anayelisha makopa, yaani vipande vya muhogo vilivyokaushwa, peke yake analisha wanga mtupu, na atashangaa kuona kuku hawakui.

Kukausha majani: yakatekate vipande vidogo kwanza, ndipo uyatandaze. Kukata ndiko kunakokutanisha linamarini na kimeng'enya chake, kwa hiyo jani lililokatwa hupoteza sumu zaidi ya lile lililokaushwa zima. Tandaza unene wa vidole viwili kwenye turubai, geuza mara tatu kwa siku. Siku mbili au tatu za jua, jani lipukutike mkononi. Lisilowe kwa mvua wala umande. Usiku nalikunja turubai na kuliingiza ndani.

Viazi navyo havisubiri. Ukishang'oa, siku mbili au tatu huanza kuwa na michirizi ya buluu na kuoza, kwa hiyo ng'oa kiasi unachoweza kukata siku hiyo. Osha udongo, kata vipande vyembamba, anika siku mbili hadi nne kwa jua kali. Usijaribu kuharakisha kwa moto mkali, kwani joto kubwa hukiua kimeng'enya kabla hakijamaliza kazi na linamarini hubaki humohumo. Kipimo changu ni sikio: kopa lililoiva kwa jua likivunjwa hulia "tak!" na ndani ni jeupe kama chaki. Likijipinda bila kulia, lirudishe juani. Kilo 3 za viazi vibichi hunipa karibu kilo 1 ya makopa. Kopa lenye ukungu wa kijani au mweusi natupa, sichagui upande mzuri, maana sumu ya ukungu haionekani yote na kuku hufa nayo.

Msimu wa mvua jua halitoshi, hapo nategemea saileji, yaani majani yaliyovundikwa pasipo hewa. Majani yananyauka nusu siku, nayakata vipande vya sentimita 2 au 3, na kwa kila kilo 100 nachanganya nusu kilo ya chumvi na kilo 5 za molasi (maji mazito matamu yanayobaki sukari ikitengenezwa). Pasipo molasi, natumia viazi vilivyosagwa. Nashindilia tabaka kwa tabaka kwenye pipa au mfuko mnene wa plastiki, nakanyaga kwa miguu mpaka nikisikia hakuna tena hewa inayopumua chini ya nyayo, nafunga kabisa. Siifungui kabla ya wiki tatu, na nikiwa na subira nasubiri miezi miwili, kwani sumu huzidi kushuka. Saileji nzuri hunukia uchachu mtamu na rangi yake ni kijani cha zeituni. Ikinuka uozo, ni mbolea hiyo.

Sasa mchanganyiko. Hesabu iliyonisaidia kuliko zote ni hii: kilo 85 za unga wa makopa pamoja na kilo 15 za mashudu ya soya husimama mahali pa kilo 100 za mahindi, kwa nishati na kwa protini. Kwa kuku sipiti kilo 20 za unga wa makopa katika kila kilo 100 za chakula, na unga wa majani haupiti kilo 5. Nguruwe hustahimili zaidi, makopa hadi kilo 40 na majani hadi 10, mradi protini imesawazishwa. Unga wa makopa una vumbi linalowakera kuku puani, hivyo naunyunyizia maji kidogo au mafuta kabla ya kuuweka horini, na siandai wa kulala hadi kesho. Kiini cha yai hupauka ukizidisha makopa. Zile kilo 5 za majani hurudisha unjano, na hilo nimeliona kwenye trei ndani ya wiki mbili.

Mbuzi na ng'ombe nawapa majani makavu au saileji wakiwa wameshakula nyasi, kamwe si kwenye tumbo tupu. Siku ya kwanza ni konzi moja kwa mbuzi, naongeza kidogo kidogo kwa siku 7 hadi 10. Maganda pia nayakatakata na kuyaanika siku tatu kabla ya kuwapa. Chumvi yenye iodini iwepo muda wote, kwani mwili ukiivunja sianidi hutengeneza kitu kinachozuia iodini, na kwa muda mrefu tezi ya shingo huvimba. Ukiona mnyama anahema haraka au anayumba, ondoa chakula chote na umwite daktari dakika hiyohiyo. Dawa ya sindano ipo, ila haina muda wa kusubiri.

Baada ya kuvuna, mashina niliyofunga kamba nayasimamisha kivulini, ncha ya chini ikigusa udongo wenye unyevu, nayapanda ndani ya wiki chache. Kabla ya kukata pingili nakwaruza ganda kwa kucha: utomvu mweupe ukitoka papo hapo, shina lingali hai. Usipotoka, nasogea mbele kidogo na kukwaruza tena.