Namna ya kuchagua mfumo endeshi huria wa ruta, faiwoli au swichi

Wengi huuanza uchaguzi wa mfumo endeshi huria, yaani programu kuu ya kifaa ambayo msimbo wake uko wazi kwa wote, kwa kusoma sifa za mifumo minne au mitano, wakavutiwa na ule wenye ukurasa nadhifu wa usimamizi, na baada ya hapo ndipo huuliza kama kifaa walicho nacho kinaukubali. Mpangilio huo ugeuzwe. Kompyuta ya mezani hupokea karibu mfumo wowote, lakini katika vifaa vya mtandao chipu huwa imekwisha kuamua sehemu kubwa ya jambo kabla hujapakua faili lolote.

Basi anza na kifaa chenyewe. Ipindue ruta usome kibandiko kilicho chini yake, na usiishie kwenye jina la modeli, bali tafuta pia alama ya toleo, kwa mfano v2 au v5, kwa kuwa watengenezaji hubadilisha chipu na kupunguza kumbukumbu huku jina la dukani likibaki lilelile. Faili lililotayarishwa kwa v2 linaweza kuiua kabisa v5. Ukishajua toleo, tafuta chipu yake, ukubwa wa flashi (hifadhi ya kudumu ya mfumo) na ukubwa wa RAM (kumbukumbu ya kazi).

Kwa ruta ndogo ya Waifai, mfumo wa kutazamwa kwanza ni OpenWrt, ambao ulianza mwaka 2004 kutokana na msimbo wa ruta ya Linksys WRT54G uliotolewa kwa leseni huria ya GPL. Matoleo ya sasa hayafai tena kwa vifaa vyenye MB 4 za flashi na MB 32 za RAM. MB 8 na MB 64 hutosha kwa shida, nami nisingenunua kifaa chenye chini ya MB 16 na MB 128. Jihadhari na redio za mtengenezaji Broadcom, kwa sababu draiva zake nyingi, yaani programu za kuziendesha, ni za siri na Waifai yake mara nyingi haifanyi kazi ipasavyo kwenye OpenWrt. Ukikwama hapo, mifumo ya DD-WRT au FreshTomato, ambayo hukubali kutumia draiva hizo zilizofungwa, huweza kukuokoa, ingawa kwa kufanya hivyo unaachia sehemu ya uhuria uliokuleta huku.

Swali la pili, ambalo kwa maoni yangu ndilo zito kuliko yote, ni hili: pakiti, yaani vipande vya data vinavyosafiri mtandaoni, zitapita wapi? Kwenye ruta ya kawaida au seva hupita kwenye prosesa. Kwenye swichi kubwa hupita kwenye chipu maalumu ya kusukuma pakiti, na prosesa hubaki na kazi ya kuielekeza tu. Piga hesabu uone uzito wa tofauti hiyo. Njia ya gigabiti 10 kwa sekunde ikijaa pakiti za baiti 64 hubeba takriban pakiti milioni 14.88 kila sekunde, yaani kila pakiti hupewa nanosekunde 67 hivi. Hakuna prosesa ndogo itakayomudu mwendo huo huku ikikagua kanuni za faiwoli. Kwa bahati nzuri trafiki halisi ina pakiti kubwa zaidi, lakini tangazo la kasi lisilotaja ukubwa wa pakiti lisikushawishi.

Ikiwa prosesa ya kawaida inatosha, una pfSense na OPNsense kwa kazi za faiwoli, na VyOS kwa kazi za ruta. Mbili za mwanzo hujengwa juu ya mfumo endeshi wa FreeBSD, na OPNsense ilijitenga na pfSense ikatoa toleo lake la kwanza mwaka 2015. Kwa mashine za hizo mbili ni salama zaidi kuchagua kadi za mtandao za Intel kuliko za Realtek. VyOS, iliyotokana na mfumo wa Vyatta mwaka 2013, husimama juu ya Debian, aina ya Linux, na huongozwa kwa amri. Anayeendesha BGP au OSPF (itifaki ambazo ruta hutumia kupashana njia) kila siku ataipenda, na anayetaka kubofya tu ataichukia. Fahamu pia kwamba faili za kusimikia matoleo yake ya muda mrefu hutolewa kwa malipo, na miongoni mwa zilizo bure kwa kila mtu ni ile inayobadilika mara kwa mara.

Swichi za kituo cha data ni habari nyingine. Hapo SONiC, iliyoanzia Microsoft na kuhamia Linux Foundation mwaka 2022, ndiyo yenye nguvu, mradi swichi yako imo katika orodha yake na ina ONIE, programu ndogo ya kusimikia mifumo kwenye swichi. Usiipeleke kwenye ofisi yenye swichi mbili, maana utakuwa umejitwika kontena (programu zilizofungiwa kila moja mahali pake), hifadhidata ya Redis na faili la usanidi la config_db.json kwa kazi ndogo ya kugawa VLAN (mitandao midogo ndani ya swichi ileile).

Kabla ya kuamua, uliza namna ya kurudi ulikotoka. Niliwahi kukosea kanuni moja ya faiwoli kwenye ruta iliyokuwa mbali, nikajifungia nje, na ikabidi mtu asafiri na kebo ya konsoli, inayoiunganisha kompyuta moja kwa moja na ruta. Tangu hapo, kwenye VyOS hutumia amri ya commit-confirm: nisipothibitisha ndani ya dakika nilizoweka, kifaa hurejea chenyewe kwenye usanidi wa awali. OpenWrt ina hali ya dharura unayoingia kwa kubonyeza kitufe taa inapopepesa wakati wa kuwaka, na OPNsense huweka usanidi wote katika faili moja la XML.

Mwisho, simika mfumo uliouchagua kwenye kifaa cha ziada, washa kanuni zote na VPN (njia iliyosimbwa ya kupitishia data) utakayoitumia, kisha upime kasi kwa programu ya iperf3, kwanza kwa pakiti kubwa na baadaye kwa ndogo. Ukimaliza, futa kila kitu, rejesha nakala rudufu, na uhesabu dakika zinazopita hadi mtandao urudi.