Kuonja Bia za Dunia: Mpangilio, Glasi na Harufu

Hatua ya 1: Panga bia kwa nguvu, si kwa rangi. Kati ya zitakazotajwa hapa chagua tano, nazo zinatosha, kwa sababu ulimi huchoka mapema kuliko mnywaji anavyodhani. Rangi hutokana na namna kimea, yaani nafaka iliyooteshwa, kilivyokaushwa au kukaangwa, wala haielezi wingi wa kilevi. Tripeli, bia kali ya Ubelgiji, hung'aa kama dhahabu ilhali kilevi chake hufika asilimia 8 au 9, wakati stauti kavu, bia ya Ireland iliyo nyeusi tititi, mara nyingi huwa na takriban asilimia 4. Anza na bia nyepesi isiyo chungu, kisha uendelee hadi kwenye zenye uchungu, uchachu na moshi.

Hatua ya 2: Andaa glasi na joto. Glasi yenye mabaki ya mafuta huua povu, basi isuuze vizuri na uiache ikauke yenyewe. Pilsna, bia ya dhahabu yenye asili ya Cheki, inafaa kuanzia nyuzi 4 hadi 7 za Selsiasi. Eili, yaani bia zinazochachushwa kwa joto la juu kuliko pilsna, na stauti zinahitaji nyuzi 10 hadi 13, kwa maana baridi kali huzima harufu. Bia iliyokaa juani ndani ya chupa ya kijani au isiyo na rangi iache kabisa: mwanga huvunja viambato vya hopsi, maua yanayoipa bia uchungu na harufu, na bia hunuka kama kicheche.

Hatua ya 3: Nusa kabla ya kunywa, kisha umeze. Bia haitemwi kama divai, kwani uchungu wa hopsi hujitokeza vizuri baada ya kumeza.

Hatua ya 4: Tumia pilsna kuwa kipimo chako. Josef Groll, mtengenezaji kutoka Bavaria, Ujerumani, aliipika mara ya kwanza mjini Plzeň, katika nchi ya leo ya Cheki, mwaka 1842. Maji ya mji huo yana madini machache mno, ndiyo maana uchungu wa hopsi za Žatec, mji mwingine wa Cheki, husikika bila ukali.

Hatua ya 5: Tafuta kazi ya hamira. Hapa ndipo wengi hukosea, wakidhani kwamba kila ladha imetiwa kwa mkono. Bia ya ngano ya Bavaria hunukia ndizi na karafuu, ingawa hakuna tunda wala kiungo kilichoongezwa. Ni hamira iliyozizalisha harufu hizo wakati wa kuchachuka. Lambiki, bia chachu ya bonde la mto Senne, karibu na Brussels, huenda mbali zaidi: mtengenezaji haongezi hamira, bali huacha mchuzi wa nafaka upoe usiku katika beseni pana lililo wazi, katika miezi ya baridi, ili vijidudu vya hewani na vya mapipa vifanye kazi. Inayoitwa gueuze huchanganya lambiki changa na zilizokaa hadi miaka 3, na uchachu wake mkavu, kwa maoni yangu, unastahili kuonjwa mara mbili kabla ya kuhukumiwa.

Hatua ya 6: Linganisha hopsi. Eili chungu ya Uingereza huelekea harufu ya udongo na majani. IPA ya Marekani, eili yenye hopsi nyingi, ikitiwa hopsi za aina ya Cascade, zilizotolewa kwa wakulima mwaka 1972, hunukia balungi.

Hatua ya 7: Malizia na bia ya moshi ya Bamberg, mji wa Bavaria, ambayo kimea chake hukaushwa kwa moshi wa kuni. Ukiitanguliza, zote zitakazofuata zitaonekana zina moshi.