Jinsi ya kusoma makala ya utafiti mpya hata kama fani si yako

Kazi inayonilipia kodi ya nyumba hapa Dar es Salaam ni kusoma makala za utafiti na kuziandikia muhtasari wa ukurasa mmoja kwa watu wasio na muda wa kuzisoma. Leo vyandarua, kesho paneli za sola, keshokutwa mikopo ya kina mama wa sokoni. Fani zote hizo sikuzisomea, na sijamwona aliyezisomea zote. Ninachofanya ni kulisaka swali ambalo watafiti walilijibu hasa, kisha kuliweka kando ya swali alilonalo aliyenituma. Mara nyingi ni maswali mawili tofauti, na ujumbe unaosambazwa WhatsApp huwa umeyachanganya.

Utaratibu wenyewe ndio huu. Unafuatika hata kwa simu, ila majedwali yanasomeka vizuri zaidi kwenye kompyuta, au ukiprinti steshenari.

Hatua ya 1: Ipate makala yenyewe

Habari ikisema "wanasayansi wamegundua", tafuta ndani yake jina la jarida na la mwandishi wa kwanza, uyaandike kwenye Google Scholar. Ukiikuta namba ya DOI, yaani kitambulisho cha makala, ile inayoanza na 10, iandike mara baada ya doi.org/ nayo itakufikisha kwenye ukurasa wa jarida. Ukifika ukaambiwa ulipe kwa dola, usilipe kwanza. Rudi Google Scholar ubonyeze palipoandikwa matoleo yote chini ya jina la makala. Mara kwa mara ipo nakala ya bure kwenye tovuti ya chuo cha mwandishi. Makala nyingi za tiba na biolojia zimo bure PubMed Central, na majarida mengi ya Afrika yako kwenye tovuti ya AJOL (African Journals Online). Kama wewe ni mwanafunzi au mwajiriwa wa chuo, nenda maktaba uulizie Research4Life, mpango unaovipa vyuo vya nchi zenye kipato kidogo majarida bure au kwa bei nafuu, ulioanza mwaka 2002 kwa Hinari ya Shirika la Afya Duniani. Wako wanaomaliza shahada bila kujua kwamba chuo chao kina nywila yake.

Rejea uliyopewa na programu ya akili unde isikusisimue mpaka DOI yake ifunguke na jina lifanane. Programu hizi zinaweza kutunga makala ambayo haijawahi kuandikwa, ikiwa na waandishi na mwaka.

Hatua ya 2: Angalia kama bado inasimama

Faili la PDF ulilopakua halijui kwamba jarida limeiondoa makala. Tarehe 22 Mei 2020 The Lancet lilichapisha makala kuhusu haidroksiklorokwini na UVIKO-19, ikidai kutumia kumbukumbu za wagonjwa 96,032 kutoka hospitali 671. Majaribio ya dawa yakasimamishwa kwa sababu yake. Tarehe 4 Juni ikafutwa, kwa kuwa kampuni iliyotoa takwimu, Surgisphere, haikukubali zikaguliwe na watu wa nje. Aliyeipakua mwezi Mei bado anayo simuni, safi kabisa. Kwa hiyo fungua ukurasa wa jarida upya siku unayoisoma, uangalie kama kuna tangazo la kufutwa au kusahihishwa. Ukitaka uhakika zaidi, tafuta jina lake kwenye hifadhidata ya Retraction Watch, haina malipo.

Hapohapo tazama imechapishwa wapi. Makala iliyoko arXiv, bioRxiv au medRxiv kwa kawaida ni rasimu ambayo wataalamu wengine hawajaipitia. Haina ubaya wowote, lakini ichukuliwe kama rasimu. Julai 2023 watafiti wa Korea Kusini waliweka arXiv madai kwamba kitu walichokiita LK-99 kinapitisha umeme bila ukinzani kwenye joto la kawaida. Dunia nzima ikashangilia. Kufikia Agosti maabara nyingine zilishajaribu na kukosa. Sehemu ya maajabu hayo ilitokana na uchafu wa salfaidi ya shaba ndani ya sampuli.

Hatua ya 3: Ruka ikisiri, nenda kwenye mbinu

Ikisiri, ule muhtasari mfupi wa mwanzoni, ni mahali ambapo mwandishi anaiuza kazi yake. Sisemi anadanganya, ila anachagua cha kuweka mbele. Mimi huanzia sehemu ya mbinu nikiwa na karatasi yenye maswali manne: walipimwa akina nani, walipewa nini, walilinganishwa na nani, na kilichohesabiwa mwishoni ni kitu gani. Majibu manne hayo yakikaa katika sentensi moja, umeshalipata swali la utafiti.

Tuchukue mfano wa hapa nchini. Mwaka 2022 The Lancet lilitoa matokeo ya jaribio la vyandarua wilayani Misungwi, Mwanza, mwandishi wa kwanza akiwa Jacklin Mosha wa NIMR, taasisi ya taifa ya utafiti wa magonjwa. Sentensi yangu ilikuwa hivi: maeneo 84 yaligawiwa kwa bahati nasibu aina nne za vyandarua, na baada ya miezi 24 watoto wa miezi 6 hadi miaka 14 walipimwa ni wangapi wana vimelea vya malaria, huku chandarua cha kawaida chenye dawa ya jamii ya pairethroidi kikiwa kipimo cha ulinganisho.

Tazama sentensi hiyo inavyokulinda. Mtu akikuuliza kama vyandarua hivyo vinapunguza vifo, unajua kwamba kilichohesabiwa ni vimelea. Akikuuliza kama ni bora kuliko kulala bila chandarua, hilo halikujaribiwa, maana kila eneo lilipewa chandarua. Na akiuliza kuhusu Mbagala, unamkumbusha kuwa Misungwi ni vijijini, na mbu wa sehemu moja hawalazimiki kuzizoea dawa zilezile wanazozizoea wa kwingine.

Neno la kutafuta kwa bidii hapa ni "nasibu" (kwa Kiingereza "randomised"). Bila ugawaji wa nasibu, waliopata kitu na waliokikosa huenda walitofautiana tangu mwanzo, na tofauti hiyo ndiyo utakayoiona kwenye matokeo.

Hatua ya 4: Zigeuze namba ziwe watu mia moja

Hapa kaa muda mrefu, kwa sababu ndipo magazeti yanapoteleza. Misungwi, kwenye chandarua cha kawaida watoto 45.8% walikutwa na vimelea. Kwenye chandarua kilichoongezewa klofenapiri, dawa ya pili ya kuua mbu, walikuwa 25.6%. Weka watoto mia moja kila upande: 46 hapa, 26 pale. Pungufu ya watoto 20 katika kila mia. Hiyo ndiyo namba ninayompa mganga mkuu wa wilaya.

Namba hizohizo zinaweza kusemwa kwa namna nyingine. Gawanya 25.6 kwa 45.8, utaona kiwango kimeshuka kwa takribani 44%. Ni kweli pia, lakini inasikika kubwa zaidi. Kisha ndani ya makala kuna uwiano mwingine, 0.45, na asiyejua ataandika "malaria yapungua kwa 55%". Hilo ni kosa. 0.45 ni uwiano wa odi (odds ratio), yaani wenye ugonjwa kwa wasio nao upande mmoja, ukigawanywa kwa wenye ugonjwa kwa wasio nao upande wa pili, baada ya marekebisho ya kitakwimu. Ugonjwa ukiwa wa watu wengi kama hapa, uwiano wa odi huikuza tofauti. Ukiukuta, rudi kwenye asilimia ghafi uhesabu watu mia.

Baada ya hapo soma mabano yanayofuata namba. Chandarua chenye PBO, kemikali inayowapunguzia mbu usugu dhidi ya pairethroidi, kilipata uwiano wa odi wa 0.99, na mabano yake yanaanzia 0.67 hadi 1.45. Mabano hayo ni upana wa majibu ambayo takwimu zinayaruhusu, na 1 maana yake hakuna tofauti. Mabano yakiimeza 1, utafiti huo haukuweza kuonesha kwamba kimoja ni bora, hata kama asilimia ghafi zinaonekana kupishana: 40.7 kwa 45.8. Kwa hiyo usiandike "PBO haifanyi kazi". Andika kwamba kwa miezi 24, Misungwi, haikuonekana kukizidi cha kawaida.

Thamani ya p, namba inayoonesha matokeo kama hayo yangekuwa nadra kiasi gani kama tofauti isingekuwepo, naipita haraka. Ikiwa chini ya 0.05 haimaanishi jambo ni kubwa, wala haimaanishi ni kweli kwa 95%. Mabano yanakuambia zaidi.

Hatua ya 5: Jua kila fani inavujia wapi

Maswali manne ni yaleyale kila mahali, lakini kila fani ina swali lake linalouma.

Kwenye biolojia, uliza: katika kiumbe gani? Mfano ni ujumbe wa majani ya mstafeli kutibu saratani, ambao hapa mjini haufi. Chanzo chake kipo kweli: maabara zimeonesha kwamba kemikali za mmea huo zinaua seli za saratani zilizooteshwa kwenye sahani. Jiki nayo inaziua. Swali la utafiti lilikuwa la seli kwenye sahani. Swali la shangazi yako ni la mwili wa mtu mwenye ini, figo na ubongo. Na hapo kwenye ubongo pana habari ambayo ujumbe huo hauibebi: mwaka 1999 The Lancet lilichapisha makala kutoka Guadeloupe iliyohusisha ulaji wa matunda na chai ya mmea huo na ugonjwa unaofanana na Parkinson. Ni uhusiano, si uthibitisho, lakini wa kunywa kikombe kila asubuhi anastahili kuujua.

Kwenye uhandisi, uliza: katika mazingira gani? Novemba 2023 kampuni ya LONGi ya China ilitangaza selo ya sola ya silikoni iliyounganishwa na perovskaiti, malighafi mpya ya kunasa mwanga, yenye ufanisi wa 33.9%. Selo hupimwa katika hali ya kawaida ya maabara: joto la nyuzi 25 na mwanga wa wati 1,000 kwa mita ya mraba. Paneli iliyolala juu ya bati Tandika mwezi Januari ikifika nyuzi 60 si ajabu. Paneli za silikoni hupoteza kama 0.3 hadi 0.4% ya nguvu kwa kila nyuzi moja inayozidi 25, hivyo ukikokotoa nyuzi 35 za ziada unapata hasara ya 10 hadi 14%. Perovskaiti ina tatizo la pili: unyevu huiharibu, na sisi hewa yetu yote ni unyevu na chumvi. Selo za rekodi huwa pia ndogo sana. Kabla hujamshauri mtu anunue, tafuta kwenye jedwali saa walizoijaribu kwenye joto na unyevu. Jedwali hilo likikosekana, hiyo ni habari ya maabara.

Kwenye biashara na uchumi, uliza: wasingekipata, wangekuwaje? Tavneet Suri na William Jack waliandika katika Science mwaka 2016 kwamba M-Pesa imezitoa kaya 194,000 za Kenya kwenye umaskini, karibu 2% ya kaya zote. Hawakugawa M-Pesa kwa bahati nasibu. Walitazama jinsi mawakala walivyozidi kusogea karibu na baadhi ya kaya kuliko nyingine. Ni mbinu ya akili, na mimi naiamini kwa kiasi kikubwa, ila msingi wote umesimama juu ya dhana kwamba mawakala hawakuwa wakifuata maeneo yaliyokuwa tayari yanaanza kuneemeka. Ukiisoma, tafuta walivyoitetea dhana hiyo. Linganisha na majaribio sita ya mikopo midogo yaliyochapishwa pamoja mwaka 2015, kutoka Bosnia, Ethiopia, India, Meksiko, Mongolia na Moroko: hapo ugawaji ulikuwa wa nasibu, na kwa wastani mikopo haikuyabadilisha maisha ya kaya kama ilivyokuwa ikihubiriwa. Mwenye VICOBA asikate tamaa kwa hilo, maana wastani huficha mmoja aliyefanikiwa na mwingine aliyefilisika.

Hatua ya 6: Nani kalipa, na wanakiri nini

Mwisho wa makala kuna aya ya wafadhili na aya ya migongano ya maslahi. Jaribio la chanjo ya malaria ya R21, lililotoka The Lancet mwaka 2024 na ambalo Bagamoyo ilikuwa moja ya vituo vyake, lilifadhiliwa kwa sehemu na Serum Institute of India, ambao ndio watengenezaji. Hilo peke yake halilifuti. Lilikuwa la nasibu, na kinga ya 68% kwa mwaka mmoja kwenye vituo visivyo vya msimu imeandikwa na mabano yake, 61 hadi 74. Mfadhili mwenye maslahi ni sababu ya kuisoma mbinu mara ya pili.

Hatua ya 7: Andika sentensi tatu

Ya kwanza ni ile ya hatua ya 3. Ya pili ni matokeo kwa watu mia, pamoja na mabano. Ya tatu inasema ni wapi matokeo hayo hayafiki. Ya tatu ikikushinda kuiandika, rudi kwenye mbinu, bado hujaisoma.

Ukikwama kwenye kitu kilichofichika, kwa mfano jedwali halitaji idadi, mwandikie mwandishi wa mawasiliano. Barua pepe yake iko ukurasa wa kwanza. Andika kwa kifupi, utaje jedwali na mstari, uulize jambo moja. Wengi hujibu, na wengine hukutumia PDF yote bila hata kuiomba. Kwa mtafiti wa Kitanzania, Kiswahili kinafaa kabisa: anza na "Shikamoo Profesa" kama amekuzidi umri, kisha uingie kwenye swali.